Taja Kabla Chuma Hakijajibu

Mkinikuta Mabatini nimekaa mbele ya duka la mke wangu, nawaomba jambo moja, vijana: msinisalimie kwa kuniuliza nimeua simba wangapi. Shikamoo inatosha. Sijaua simba, sijaua nyati, na hata kuku wa hapa nyumbani anachinjwa na jirani. Miaka yote ya kazi nimepiga karatasi na vyuma, na nimefundisha wengine kupiga karatasi na vyuma. Mnacheka, lakini karatasi iliyo mbali ni ngumu kuliko nyati aliye karibu. Ukiikosa haikukimbizi, inabaki pale pale, na wewe unabaki na swali la kwa nini.

Hilo swali la kwa nini ndilo lililonilisha mimi Masanja mpaka nikastaafu. Nilikuwa mkufunzi wa klabu ya kulenga shabaha. Uwanja wetu uko nje ya mji, njia ya kwenda Magu. Unalala kwa urefu kuelekea mashariki, ziwa likiwa kushoto, na mwisho wake ni kilima kinachopokea risasi zote. Katikati kuna majabali haya haya mnayoyajua, yamesimama pande zote mbili kama yamepangwa na mtu. Mimi nimeyatukana sana hayo mawe, na mtaona kwa nini.

Wengi wenu mnadhani risasi inakwenda moja kwa moja kama uzi uliovutwa. Haiendi hivyo. Ikitoka tu mtutuni imeanza kuanguka, kama jiwe lolote ulilolitupa. Kwenye sahani yetu ya mbali, kile chuma kinacholia kikipigwa, kilicho mita mia nane, inakuwa imeshuka kimo cha nyumba ya ghorofa moja na zaidi. Kwa hiyo unaelekeza mtutu juu kwa hesabu, ili ikifika kule iwe imeshuka na kugusa pale unapopataka. Darubini ya bunduki ina vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Kila ukizungusha kidogo kinalia, ka. Sisi tulihesabu kwa hiyo milio. Kwa mita mia nane, mlio mmoja unahamisha risasi upana wa kiganja.

Sasa hesabu yenyewe inataka nini? Inataka uijue kasi ya risasi inapotoka, uzito wake na umbo lake, umbali, joto la siku hiyo, upepo, na uzito wa hewa. Hapo kwenye uzito wa hewa ndipo watu wanapoumbuka.

Alikuja bwana mmoja kutoka Dar, mgeni wa mwanachama wetu. Bunduki nzuri, kofia nzuri, na jedwali lake la milio amelibandika kwenye kitako cha bunduki. Kule kwao jedwali lile lilimpa sahani kila siku. Hapa akalala, akapiga, risasi ikapita juu. Akapiga tena, juu. Akaanza kuikagua darubini, akakaza skrubu, akapiga, juu vilevile. Nilimwacha kwanza, kwa sababu alikuwa amenieleza asubuhi kwamba hahitaji mkufunzi. Baadaye nikamwambia, ndugu yangu, bunduki yako nzima. Jedwali lako ndilo liko Dar bado. Mwanza tuko juu sana kuliko pwani, hewa yetu ni nyepesi, risasi inapita bila kusumbuliwa sana, inafika mapema, inashuka kidogo kuliko ulivyoizoea. Tukapunguza milio, sahani ikalia. Alininunulia soda na hakuongea sana tena mpaka jioni.

Kosa lingine ni la hapa hapa kwetu, na ni la wasomi. Nitalisema kwa sababu aliyelifanya mwenyewe huwa analisimulia akicheka. Ni Kulwa.

Kulwa ni binti wa Magu, wazazi wake wanalima mpunga na pamba. Alisoma fizikia chuoni, akarudi, akawa anafundisha sekondari kwa kujitolea, hajaajiriwa. Klabu ilipotangaza nafasi ya msaidizi wa mkufunzi akaja. Mimi nilifurahi kupata mtu ambaye sihitaji kumweleza mraba ni nini. Wiki ya kwanza tu akakaa na simu yake, akafanya hesabu safi, kila mstari mahali pake, na risasi zikapita juu kama za yule bwana wa Dar.

"Mwalimu, nimeweka mgandamizo wa hewa wa leo," akaniambia. "Nimeutoa kwenye taarifa ya hali ya hewa ya Mwanza."

Nikamwambia, "Hiyo taarifa imeshahesabiwa kama vile Mwanza iko ufukweni mwa bahari."

Akafikiri, akajipiga paji la uso. Alijua vizuri kuliko mimi kwa nini wataalamu wanafanya hivyo, wanataka kulinganisha miji iliyo juu na iliyo chini. Yeye hakukumbuka tu kwamba risasi haisomi taarifa, inapita kwenye hewa iliyopo. Tangu siku ile alipima kwa kile kipimo chetu kidogo cha mkononi, pale pale tunapolalia, kila baada ya muda. Wengine ukiwaonyesha kosa wananuna mpaka kesho. Kulwa alinuna mpaka chai.

Mimi nilifundishwa na Mzee Ndaki, marehemu sasa. Alikuwa mfupi, mpole, na mkali kwa jambo moja tu: kutaja. Ukifyatua, kabla hujaonyeshwa risasi imeangukia wapi, unataja. Unasema kwa sauti jicho lako liliona alama ya darubini iko wapi wakati kifyatulio kinaachia. Kushoto kidogo. Juu. Katikati. Ndipo uonyeshwe.

Mnaona ni kitu kidogo. Sahani ya mita mia nane ikipigwa, sauti yake inachukua muda kurudi. Kuna kimya hapo, unaweza kuvuta pumzi na kuitoa. Mzee Ndaki alitaka utaje ndani ya kimya hicho, kabla chuma hakijajibu. Ukichelewa, anasema hujataja. Ukitaja "katikati" kila mara, anakutuma ukapange viti.

Faida yake ni hii. Risasi ikikosa, makosa yanaweza kuwa ya aina mbili: hesabu au mkono. Asiyetaja hawezi kuyatenganisha. Atabadilisha milio kwa sababu ya mkono wake, kisha mkono utatulia, naye atakosa upande wa pili, mpaka jua linazama anakimbizana na kivuli chake. Aliyetaja kulia, na risasi ikaanguka kulia palepale alipotaja, anajua hesabu ni nzima. Anaacha vifundo, anarekebisha mkono. Nimeona watu wenye vyeo wanashindwa kulifanya hilo. Kusema "nimevuta vibaya" mbele za watu kunawachoma kuliko kukosa kwenyewe.

Basi. Klabu yetu ina desturi yake kwa mkufunzi anayestaafu, inaitwa risasi ya kuagia. Ni risasi moja tu, kwenye sahani ya mita mia nane, bunduki ikiwa baridi, bila risasi ya majaribio. Na mkufunzi hafanyi hesabu. Hesabu anafanya msaidizi wake, anamtajia milio, na mkufunzi anaiweka kama alivyotajiwa, bila kuuliza. Sahani ikilia, msaidizi anakabidhiwa funguo za ghala na kazi. Isipolia, kamati inatafuta mtu mwingine. Mzee Ndaki alipoaga, hesabu ilikuwa yangu, na nilikaa siku mbili sili vizuri.

Zamu hii ilikuwa ya Kulwa. Mwenyekiti wetu, Bwana Firoz, mwenye duka la vipuri Mirongo, alikuwa ameshazungumza na mkufunzi wa Dar, aje kama sahani haitalia. Hakuficha, aliniambia mwenyewe. Ni mtu wa haki Bwana Firoz, ila anapenda jambo liwe limehesabika. Kulwa naye alijua. Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa tunafuta vumbi kwenye kioo cha darubini, akaniambia bila kunitazama, "Mwalimu, mimi kazi hii naipenda. Sijawahi kupenda kazi nyingine."

Nikamwambia, "Futa vizuri hapo pembeni." Nilikuwa na la kumwambia, nikachukua kitambaa kingine nikafuta upande wangu.

Tulipiga mchana, upepo wa ziwani ukiwa umeshaamka. Mnaoishi hapa mnaujua: asubuhi hewa inatoka nchi kavu kwenda ziwani, jua likipanda inageuka. Bendera yetu iliyo karibu na mahali pa kulalia ilikuwa imenyooka kabisa, inatoka kushoto kwenda kulia. Watu wote waliokuwepo waliiona. Nikalala, nikaegesha kitako begani. Kulwa akakaa kando yangu na darubini kubwa ya miguu mitatu, akatazama mbele muda mrefu. Akanipa milio ya kupandisha. Nikaiweka, nikaridhika, ilikuwa karibu sana na ile ambayo ningeiweka mimi.

Kisha akasema, "Upepo, usiguse."

Vijana, nilidhani nimesikia vibaya. Usiguse? Na bendera ile? Kwa upepo ule mimi ningeweka milio sita kushoto bila kufikiri mara mbili. Sita ni viganja sita, na sahani yetu kutoka katikati mpaka ukingo ni vitano tu. Ukikosea kwa viganja sita, sahani unaisikia kwa jirani.

Macho yangu siku hizi yanaona vizuri ndani ya darubini ya bunduki, lakini kusoma nyasi na hewa ya katikati ya uwanja yamekataa. Yeye alikuwa anaona kitu, au amesahau bendera kwa woga. Kuuliza siruhusiwi. Na kifundo kiko chini ya vidole vyangu, upande wa kulia, mwili wangu unakiziba. Ningezungusha mara sita taratibu na upepo ule ungemeza ile ka, ka, ka. Hakuna ambaye angejua. Kama amekosea ningekuwa nimemwokoa, angepata funguo zake, na mimi ningekwenda nyumbani na siri yangu. Niliweka vidole. Nasema kweli, niliviweka.

Lakini nikajiuliza, Masanja, kesho utakuwa wapi? Kesho atalala mwanafunzi wake hapa, na huyu binti atamtajia namba, na mimi nitakuwa Mabatini nauza sukari ya robo. Kama hawezi, afadhali ijulikane leo. Kama anaweza, nani amenituma nimwingilie? Nikaondoa vidole.

Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikaanza kubana. Na hapo mkono huu wa kulia, ambao daktari ameshauandikia vidonge, ukashtuka. Kidogo tu. Wakati kifyatulio kinaachia nikaona alama imeteleza, imetoka nje ya sahani upande wa kulia, kiganja kimoja kupita ukingo. Bunduki ikanipiga bega. Kimya.

Nikasema kwa sauti, "Kulia. Kimo sawa. Kiganja kimoja nje ya ukingo."

Tukasubiri. Chuma hakikujibu.

Nilibaki nimelala, shavu liko kwenye kitako, na sikutaka kuinuka kabisa. Iliniuma. Nimefundisha watu kubana kifyatulio miaka yote hiyo, halafu risasi yangu ya mwisho naivuta kama mtu anayefungua mlango ulionasa. Kulwa hakuondoa jicho kwenye darubini yake.

Nyuma yangu Bwana Firoz akasema kwa upole, "Pole, Mzee Masanja. Upepo wa ziwa umeisukuma. Kila mtu ameona bendera, na binti hakuweka kitu."

Nikainuka kwa magoti. "Mwenyekiti, subiri alama."

"Sahani haijalia, mzee."

"Najua haijalia, masikio ninayo. Subiri alama."

Nyuma ya sahani kuna ubao mpana umepakwa chokaa, ili risasi ikikosa iache tundu. Chini yake, ndani ya handaki, alikuwepo Deusi, mwonyesha alama wetu. Tulimpigia simu, Bwana Firoz akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Deusi alikuwa mbali kiasi kwamba hakuweza kusikia nilichotaja, na wote walijua hilo.

"Deusi, tundu liko wapi?"

"Kulia, Mwenyekiti. Kimo ni kile kile cha katikati ya sahani. Kutoka ukingo wa sahani mpaka tundu..." tukasikia anapima, "kiganja hivi. Kiganja changu kimoja."

Bwana Firoz akanitazama. Nikamwomba tupige hesabu pamoja, kwa sababu namjua, hesabu ndiyo lugha anayoiheshimu. Nikamwambia, mkono wangu umeipeleka kiganja kimoja nje ya ukingo, nimetaja kabla sijajua chochote, mmenisikia. Kama na upepo ungeisukuma viganja sita, tundu lingekuwa wapi?

"Viganja saba nje," akasema.

"Liko wapi?"

Akakata simu. Akageukia kwa Kulwa. "Bendera inasema upepo. Wewe umeona nini?"

Kulwa ndipo akaondoa jicho kwenye kioo, na jicho lilikuwa limelowa. Alieleza polepole, kama yuko darasani. Upepo wa bendera ni wa hapa mwanzo tu. Mbele kidogo majabali ya upande wa ziwa yanauziba, na mazigazi ya joto, ile hewa inayotetemeka kwenye kioo, pale yalikuwa yanapanda wima, hayaegemei popote. Karibu na sahani hewa inagonga majabali ya upande wa kulia na kurudi nyuma. Alikuwa ameona vile vidudu vya ziwani, lile wingu lao jeusi linaloinuka majini, vinasogea kushoto wakati bendera inakwenda kulia. Upepo wa mwanzo na ule wa mwisho akauweka kwenye hesabu, ukalingana, ukabaki sifuri.

Bwana Firoz alichukua darubini, akaangalia mwenyewe. Vidudu vilikuwepo bado. Akaangalia bendera, akaangalia tena vidudu. Halafu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nimeshalifikia na nilitarajia hatalifikia.

"Mzee, wewe ungeweka milio mingapi?"

"Sita kushoto."

Alihesabu kwa vidole, kiganja kimoja nje, rudisha sita. Akaanza kutabasamu. "Basi ungepiga sahani."

"Ningeipiga vizuri tu," nikasema. "Upepo nimekosea, mkono nimekosea, na sahani ingelia, na mngenibeba juu juu."

Hapo watu wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa bega na mengine yote yaliuma. Desturi inasema sahani ilie. Mzee mmoja wa kamati alilisema hilo, na alikuwa na haki ya kulisema. Bwana Firoz akamjibu kwamba risasi ya kuagia inapima hesabu ya msaidizi, na hesabu imeonekana kwenye chokaa, nzima, juu chini na kushoto kulia. Anayestaafu anastaafu kwa sababu mkono umechoka, akasema, hilo hatukuhitaji sahani ituambie. Nilimtazama vibaya kidogo, lakini alikuwa sahihi. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Nilizitoa, nikamkabidhi Kulwa, naye akazipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo kama anavyofanya kwa baba yake.

Wakati tunafunga bunduki akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kweli mkono ulishtuka? Au ulitaja hivyo kunionea huruma?"

Nikamwambia afikiri kama mtu wa fizikia. Nilitaja sahani ikiwa haijajibu. Sikujua tundu liko wapi. Kama namba yake ingekuwa mbovu, kutaja kwangu ndiko kungemuumbua mbele ya wote. Huruma ya namna hiyo haipo. Alifikiri, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga. Baadaye nikaona amegeuka upande wa majabali anajifuta macho na mkono wa shati, nikajifanya natafuta kifuniko cha darubini.

Sasa ndiye mkufunzi. Mnaokwenda kule mtamkuta, na mkichelewa kutaja atawapangisha viti, hilo nimelisikia na limenifurahisha. Simu zenu zitawafanyia hesabu kwa kasi kuliko mimi na yeye tukiunganishwa. Zitumieni. Ziambieni tu ukweli: hewa ya hapa, joto la leo, upepo wa njia nzima. Na nyinyi wenyewe mtaje.

Habari zinasafiri hapa mjini. Wapo wanaopita dukani, wananunua chumvi, halafu wananiuliza kwa kejeli, eti mzee, tumesikia risasi ya mwisho ulikosa. Mke wangu huwa anakasirika, anataka niwaeleze mambo ya upepo na vidudu. Mimi nawapa chenji yao.

Nilikosa, nawaambia. Kulia, kiganja kimoja nje ya ukingo, kama nilivyotaja.